Aliyeitika Bondeni

Jua lilikuwa linazama Junkiri alipojitwika tenga, kama mtu anayekwenda kuokota kuni tu. Lakini kifuani alikuwa amefunga shati la mumewe.

Besbahadur mwenyewe alikuwa jikoni, pale pale alipokaa tangu arudi na kondoo kutoka bonde la juu, lile lililozungukwa na milima ya theluji. Macho wazi. Hali chakula, hasemi, mwili baridi kama jiwe la mtoni.

"Roho yake imebaki kule," mganga alikuwa amesema. "Kamwite. Akiitika, funga shati urudi. Usiseme neno mpaka umvike."

Wifi yake, Manmaya, alimfuata. Walilala zizini, juu ya mashamba ya ulezi. Kulipokucha wakaingia kwenye mianzi, maji yakiwadondokea shingoni na ruba wakiwapanda miguuni. Wakapita msitu wa maua mekundu, ukungu umeuziba. Kisha miti ikaisha. Mawe na barafu tu.

Walipofika penye lango la miamba, Junkiri alisimama. Nyama haivuki hapo. Mizimu wenye bonde hawaitaki.

"Wifi, huna nyama?"

"Nyama niitoe wapi, na kaka yangu anakufa? Twende bwana, miguu inaganda."

Bondeni hapakuwa na hata upepo. Junkiri alikunjua shati.

"Besbahadur! Twende nyumbani!"

Akaita tena.

Kisha ikaja harufu ya sufu iliyolowa...

"Naam, mama Suntali?"

Sauti yake kabisa! Ilitoka mbali, ng'ambo ya barafu.

"Naam, mke wangu."

Hii ilitoka nyuma ya sikio la Junkiri.

Shati likawa zito ghafla. Junkiri akalifunga. Manmaya alikuwa amepiga magoti, analia.

"Wifi, nisamehe... nilificha kipande cha nyama kiunoni. Niliogopa njaa."

Junkiri hakuweza kumjibu. Walishuka mbio. Nyuma yao, juu kule, mtu alikuwa analia. Alikuwa analia vile vile Besbahadur alivyolia siku walipomzika binti yao, Suntali.

Hakugeuka.

Alipomvika shati, mwili ukapata joto. Besbahadur akaomba chakula. Majirani wakachinja kuku, naye akala mpaka mifupa, akicheka, akimsifu kila mtu. Manmaya peke yake alikataa kuingia ndani.

Wageni walipoondoka, Junkiri alimnong'oneza mumewe, "Suntali angefurahi leo."

Akatabasamu.

"Suntali ni nani, mke wangu?"

Asubuhi Junkiri alimkimbilia mganga. Mzee alisikiliza, kisha akaanza kukusanya vitu vyake taratibu.

"Mwili mmoja haukai wawili, mwanangu. Na huyo aliyeingia sijui jina lake. Nitamtoaje?"

Jioni ile kilio kilisikika kwenye msitu wa maua. Siku iliyofuata, kwenye mianzi. Sasa kimefika ngazi za mawe, chini ya ua wa nyumba.

"Mama Suntali... nimepotea njia..."

"Usiitike," alinong'ona yule wa jikoni, akimsogezea ugali wa ulezi. "Kula, mke wangu. Umekonda."

Junkiri haitiki. Hula, huosha vyombo, hulala ubavuni pake, ubavu wenye joto. Lakini siku hizi anauacha mlango bila komeo.