Fungate Melini

Siku Murugi aliposhinda safari ya meli, alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni.

Viatu vyenyewe vilikuwa vya soli nene, mtindo uliokuwa umeshika mwaka ule wa sabini na tatu, na matope ya uwanja wa maonyesho ya kilimo ya Nyeri yalikuwa yamekimeza cha kushoto. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameshika gauni lake la rangi ya chungwa lisichafuke, huku watu wakimpita kama siafu. Wengine walikuwa wamekuja kuona ng'ombe wa gredi, wengine kula nyama, wengine kuonana tu. Ndipo kipaza sauti cha kampuni ya mbolea kikaita nambari ya bahati nasibu. Murugi akatazama tikiti yake, akaitazama tena, akapiga ukelele, akaanguka.

Hakufika chini. Alidakwa na kijana mmoja mrefu, shati jeupe, suruali ya belbotomu, vidole vyenye madoa ya rangi nyekundu na bluu.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Nimeshinda!"

"Umeshinda kuanguka?"

"Meli! Nimeshinda meli!"

"Haki! Meli nzima? Na hapa Nyeri utaifunga wapi? Mto Chania hauna kina."

Murugi akacheka hadi akasahau kiatu. "Safari, wewe! Safari ya watu wawili. Mombasa mpaka Shelisheli na kurudi."

"Watu wawili," kijana akasema taratibu. "Na mimi namwona mmoja."

"Niko na mama yangu."

"Mama anapenda maji?"

"Hata akivuka Chania kwa daraja hufumba macho."

"Basi nafasi iko."

Kisha akainama kumtafutia kiatu. Kilikuwa kando ya mguu wake mwenyewe, lakini alipapasa mbele, akapapasa nyuma, mpaka Murugi akadhani anamchezea ili akae naye zaidi. Hakukasirika. Jina lake, alisema, ni Mutahi, mchoraji wa vibao vya maduka, na Karatina hakuna mtu anayejua duka ni la nani mpaka yeye aandike.

Murugi alikuwa opereta wa simu katika posta ya Nyeri. Kutwa nzima alikaa mbele ya swichibodi, vifaa vya kusikilizia vimekandamiza nywele zake za afro, akiunganisha watu wasiomjua. Jumatatu iliyofuata taa ya laini ya Karatina ikawaka.

"Nyeri hapa. Nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na yule mwenye sauti nzuri."

"Sauti ipi, bwana?"

"Hiyo hiyo."

"Mutahi! Hii laini ni ya Serikali."

"Basi iambie Serikali kuna mtu inamnyima usingizi."

Alikuwa akipiga kutoka dukani kwa Haridas, Mhindi muuza vitambaa aliyempa kazi nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Nyuma yake mzee huyo alisikika akiuliza kama simu ile ni ya biashara au ya ndoa.

Mapenzi yao yalikua hivyo, nusu kwenye waya, nusu kwenye hoteli ndogo karibu na soko la Nyeri, walikokula mandazi kila Jumapili baada ya kanisa. Mutahi alimwita "bibi wa simu". Murugi alimwita "bwana rangi". Jambo moja tu lilimkera: jua likianza kuelekea magharibi, Mutahi alishika njia ya kwao.

"Hata dansi ya Krismasi hutanipeleka?"

"Mimi ni kuku, mpenzi. Giza likiingia natafuta tundu."

Murugi alicheka, akadhani ni mlokole asiyetaka kusema. Meli ilikuwa iondoke Aprili. Wote wawili walijua tayari nani angeketi kiti cha pili, ingawa hakuna aliyekuwa ametamka neno ndoa.

Mwezi wa Februari, saa ya chakula cha mchana, Murugi na mwenzake Watiri walikuwa wakinunua ndizi pembeni mwa soko. Mhubiri alikuwa akinguruma kwenye kipaza sauti, hata kusikia bei ilikuwa taabu. Mutahi akatokea. Hakuwa peke yake. Mwanamke mwenye gauni la manjano, mzuri, mnene kidogo, alikuwa amemshika mkono, vidole ndani ya vidole. Murugi aliinua mkono na kutabasamu, maana moyo huchelewa kuelewa kile macho yameona. Mutahi akampita kwa umbali wa kuguswa. Hakugeuka.

"Huyo si Mutahi wako?" Watiri akauliza. "Ati amekupita kama nguzo ya stima?"

Ndizi zilimwanguka Murugi, hakuziokota.

Kesho yake taa ya Karatina ikawaka.

"Nyeri hapa."

"Bibi wa simu! Jana nilikuwa huko kwenu, lakini…"

"Unataka nambari gani, bwana?"

"Murugi, ni mimi."

"Hapa hakuna Murugi. Kuna Othaya, kuna Mweiga, kuna Kiganjo. Unataka wapi?"

"Nataka nikueleze kitu."

"Laini ina shughuli," akasema, akachomoa waya.

Alimpigia tena na tena, naye akachomoa tena na tena, kisha akaenda chooni kulia. Mwishowe taa ile ikaacha kuwaka kwa ajili yake, na kimya hicho kikamuuma kuliko ule mkono aliouona sokoni. Alimwambia mama yake ajiandae kwenda Mombasa. Mama alilalamika kwamba Mungu hakumuumbia mapezi, lakini akanunua kofia.

Siku moja mwanamke wa gauni la manjano akaingia posta, akauliza Murugi ni nani. Murugi akasimama, kidevu juu.

"Ni mimi. Kama umekuja kunicheka, cheka haraka, niko kazini."

"Nikucheke kwa nini? Mimi ni Kagure. Nimeolewa Kenol. Mutahi ni ndugu yangu, tumezaliwa tumbo moja."

Kidevu cha Murugi kikashuka.

"Siku ile tulikuwa tunatoka kwa daktari," Kagure akaendelea. "Mutahi haoni vizuri, dada. Mbele anaona, lakini kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukiwa ubavuni mwake hupo. Usiku ndiyo haoni kabisa. Baba yetu alianza hivyo hivyo, akafa kipofu. Na daktari amesema dawa hakuna."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anataka kukuambia. Ulipomkatia simu, akasema afadhali, umemrahisishia kazi."

Jumamosi Murugi alikwenda Karatina. Alimkuta Mutahi juu ya ngazi mbele ya duka jipya la Haridas, brashi mkononi. Mzee mwenyewe alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili. Herufi za ukutani zilianza vizuri, kisha zikapanda, zikapanda, kama watu wanaokwea mlima. Haridas alimwona Murugi akizitazama.

"Ziache, mama," akanong'ona. "Mimi napenda hivyo hivyo. Wewe shika ngazi, mimi nakwenda kunywa chai."

Mutahi akauliza kutoka juu, "Nani hapo?"

"Simu kutoka Nyeri."

Brashi ikasimama.

"Kagure ana mdomo mpana," akasema hatimaye.

"Namshukuru Mungu kwa huo mdomo. Mutahi, nilikuona umeshikwa mkono nikadhani…"

"Afadhali ungeendelea kudhani. Nitakuwa kipofu, Murugi. Pengine mwaka, pengine mwezi, daktari mwenyewe hajui. Kazi hii imekwisha, unaona hata kutoka huko chini. Nenda melini na mama yako. Uolewe na mtu mwenye macho mazima."

"Shuka."

"Unanisikia?"

"Nimekusikia. Shuka, maana siwezi kumwambia mtu nampenda huku natazama viatu vyake."

Akashuka, ngazi moja moja, akitafuta kila kidato kwa ncha ya kiatu. Alipofika chini, alimweka Murugi katikati ya kile kiduara kidogo alichobakiwa nacho, akamtazama, na machozi yakamtoka.

"Basi nikuoe upesi," akasema, "kabla sijasahau ulivyo."

Mama alilia wiki nzima. "Mtu hajitwiki mzigo asiojua uzito wake," alisema. Murugi akamjibu, "Maitu, hata mimi ulinibeba kabla hujajua uzito wangu." Siku ya harusi mama aliingia kanisani na ile kofia ya Mombasa, akakaa kiti cha mbele, na hakumtazama bwana arusi. Lakini watu walipotoka nje, ni yeye aliyemshika mkono kwenye ngazi.

Meli ilikuwa nyeupe na ndefu kuliko barabara ya katikati ya mji wa Nyeri. Siku ya kwanza bahari haikumjali Murugi hata kidogo: alitapika mpaka akaomba arudishwe nyumbani Giakanja kwa shangazi yake. Mutahi alimkanda mgongo na kumcheka polepole. Siku ya pili aliamka mzima, na akaapa kwamba hakuna saa hata moja itakayopotea. Hawangepanda meli tena maishani mwao. Kila kitu kilichokuwa cha kuonekana, Mutahi angekiona sasa.

Basi akawa anamshika kichwa kwa viganja viwili na kukigeuza. "Tazama, pomboo! Wanaruka! Umewaona?" "Nimewaona." "Tazama yule Mzungu na kofia ya ndizi!" Alasiri, bendi ilipopiga muziki kwenye sitaha na jua likiwaka waziwazi, Mutahi alicheza dansi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alicheza vibaya, akamkanyaga mke wake na mke wa mtu mwingine, na watu wakampigia makofi. Usiku Murugi alilala akitabasamu.

Walipofika Mahe, kabla ya chai ya saa nne alikuwa amekwisha kumpeleka sokoni, kanisani na kwenye bustani ya maua. Akawa anamvuta kuelekea ufukweni, Mutahi akasimama.

"Murugi, unaniburuta kama mbuzi wa mnada."

"Twende tu, meli haitatungoja! Nataka uone. Ukikosa leo, baadaye…"

Akauachia mkono wake.

"Baadaye nini? Sema, mke wangu. Hujalisema hata mara moja."

"Baadaye hutaona." Sauti ikamkatika. "Hutaona kitu, nami sijui nitafanya nini."

Wakakaa kwenye ukuta wa mawe, barabarani, wageni wakiwapita na mikoba yao. Murugi alilia kama mtu aliyefiwa. Mutahi alimwacha alie. Kisha akasema, "Ufukwe uache. Kaa nikutazame wewe kidogo." Akampitisha kidole usoni, polepole, kama anavyopima ukuta kabla ya kuupaka rangi: paji la uso, nyusi, pua, kingo za midomo. Akarudia tena tangu mwanzo. Murugi alifumba macho, akaona kwamba hajawahi kupendwa hivyo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya furaha. Mutahi alisifu kila kitu. Alisema mawingu yamekuwa kama maua ya pareto, kwamba maji yamebadilika rangi, kwamba gauni la Murugi la kijani linampendeza zaidi ya lile la jana. Murugi alianza kuamini kwamba hewa ya bahari ina dawa wasiyoijua madaktari wa Nairobi. Hata alimwomba Mungu asamehewe kwa kukata tamaa mapema.

Asubuhi ya mwisho aliamka akakuta kitanda cha mwenzake kitupu. Juu kulikuwa na kelele. Mombasa ilikuwa imeonekana, na abiria wote walikuwa wamesongamana upande mmoja wa meli wakipiga picha na kupungiana mikono. Alimtafuta Mutahi kati yao, hakumwona. Akazunguka.

Alikuwa upande wa pili, peke yake, amevaa suti yake ya harusi, mikono juu ya chuma cha ukingo, uso ameuelekeza baharini. Mbele yake hapakuwa na kitu ila maji, hadi macho yanapokoma.

Mutahi alizitambua hatua zake. "Umechelewa, bibi wa simu. Nimeamka mapema nione mji kabla ya watu. Njoo uone. Majumba meupe. Na minazi, mingi kweli."

Murugi akakishika kile chuma.

"Unaiona?" Mutahi akauliza.

"Naiona," akasema. "Mingi kweli."

Alijitahidi, lakini sauti yake alikuwa ameizoesha kuunganisha watu, si kuwadanganya. Mutahi akatega sikio kwenye zile kelele zilizokuwa mgongoni mwao.

"Si upande huu," akasema.

"Si upande huu, mpenzi."

"Nilidhani wanashangilia chakula."

Murugi akamwegemea begani. "Tangu lini?"

"Siku moja kabla ya Mahe. Niliamka nikakuta ukungu, nikadhani ni wa bahari, utaondoka."

"Na mawingu? Na gauni langu la kijani?"

"Mawingu ulikuwa umeyasema mwenyewe. Gauni nililigusa kwenye msumari, nikakumbuka kitambaa chake."

"Mbona hukuniambia, Mutahi?"

"Ulikuwa unafurahi sana. Sikutaka fungate yetu iwe fupi."

Honi ya meli ikalia, ikatikisa sitaha yote. Watu wakaanza kukimbilia mizigo yao. Murugi hakumgeuza kichwa. Alisimama pale pale, akatazama yale maji pamoja naye, akilia bila sauti, mkono wake chini ya mkono wa Mutahi, mpaka meli ikaacha kutetemeka na kamba zikatupwa gatini.

"Tumefika?" Mutahi akauliza.

"Tumefika."

"Basi weka mkono wangu begani kwako. Nifundishe sasa, tukiwa bado wageni, kabla ya kufika nyumbani wanapotujua."

Murugi akauchukua mkono wake, akauweka. Ulikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Akatangulia kwenye ngazi ya kuteremkia, akasema, "Hapa kuna kidato," naye Mutahi akashuka, na Murugi akasema, "Hapa kingine."