Picha Iliyokataa Sanduku

Rafiki yangu Were, fundi wa mbao pale Dagoretti Corner, alikuwa anapasua mvule kwa kucha, haki ya Mungu. Mwaka wa sitini na tatu akaitwa Ngong Road na lodi mmoja Mskoti, bwana wa ukoo mkubwa, aliyekuwa anarudi kwao. Zamani ukoo huo ulichinjwa kama kuku kwa kumpangia mfalme njama.

"Funga picha ya babu sandukuni. Nikikosa ndege, Were, shingo yako!" Lodi akacheka, akajifungia chumba cha pili.

Picha ikazidi sanduku. Were akaikata shingoni. Damu ikaruka mpaka darini! Wewe ungekimbia mpaka Kinoo. Huko chumbani kwa lodi kitu kikaanguka, pu, kikabingirika. Halafu mlango ukagongwa polepole, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Were, umemaliza?"