Chaneli ya Sita

Mwimbaji alikatisha ubeti, akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Nani anahema?" aliuliza.

Fundi wa sauti, kaka yake wa tumbo moja, alijibu kutoka kwenye mikisa, meza yake ya kuchanganyia sauti, "Sote, mdogo wangu. Tukiacha tutakufa."

Mpiga besi aliangua kicheko. Mwimbaji, dada yake fundi, hakucheka. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa tangu utotoni. La kushoto ndilo lililomlisha, na ndani yake alivaa spika ndogo isiyo na waya iliyomletea muziki.

"Kaka, sitanii. Kuna mtu humu sikioni."

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limejaa ukumbini. Fundi hakuona la kutisha. Kila mwanamuziki alikuwa na chaneli yake, na mitambo sita ya kurushia sauti ilipangwa katika kabati moja. Mitambo ikikaribiana mno, mawimbi mawili huzaa la tatu, nalo humwingia sikioni mtu asiyelihitaji. Dawa yake inajulikana: zima yote, kisha washa mmoja mmoja.

Alizima yote, akaanza na mtambo wa dada. Kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, wa nne, wa tano, kimya. Alipowasha wa sita, dada alishika kichwa.

Wote watatu walitazama kiti cha dramu. Mpiga dramu alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita, na bendi ilikubaliana kutompa mtu mwingine chaneli yake. Mrithi wake, ambaye kama wenzao wengine alikuwa hajafika, alitumia waya na kiti chake mwenyewe. Kila siku ya mazoezi fundi aliwasha mtambo wa marehemu, akatia betri mpya katika kipokezi chake cha kiunoni, akakilaza juu ya kiti pamoja na spika zake za masikioni. Walifanya hivyo kwa heshima. Hakuna aliyefikiri kwamba walikuwa wakiacha mlango wazi na taa inawaka katika nyumba isiyo na mtu.

"Ni marehemu?" mpiga besi alinong'ona.

"Marehemu alikuwa na kigugumizi," dada alijibu. "Huyu hana. Anasema alikuta nafasi, akaingia, na hatoki bure. Anataka sikio langu hili lililobaki."

Fundi alizima mtambo wa sita, lakini dada akaanza kulia. Akachomoa umeme wa kabati zima, taa zake zote zikafa, lakini taa ndogo ya kijani ya kipokezi kitini, ambayo huwaka pale tu kinapopokea mawimbi, ikaendelea kuwaka, na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda jukwaani, na ngozi ya dramu kubwa ikaanza kupanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na dada, ambaye alikwisha kuing'oa spika na kuitupa sakafuni, bado alijifunika sikio akisema kwamba sauti zinakwenda mbali, ya kaka yake, ya mpiga besi, hata yake mwenyewe, zote zinakwenda mbali isipokuwa moja.

Fundi alikiendea kiti, akachukua spika mbili za marehemu.

"Muulize," alisema karibu na uso wa dada yake, kwa sauti ya chini, "kama atakubali mawili badala ya moja."

"Kaka, usi..."

Alikwisha kuzivaa.

Ngozi ya dramu ikatulia. Harufu ikaisha. Dada alisikia honi ya gari barabarani, kisha kucha za ndege juu ya bati.

"Nasikia!" alilia. "Kaka, nasikia kila kitu!"

Fundi alizivua spika, akaziweka juu ya kiti, akarudi taratibu kwenye mikisa yake.

"Kaka," dada alimwita.

Hakugeuka.

"Kaka!"

Aliinua kidole kimoja bila kumtazama, kama mtu anayeomba asikatizwe. Akainamisha kichwa. Akatikisa kichwa kukubali kitu fulani, mara mbili, halafu akacheka kwa adabu, kama achekavyo mwenyeji mgeni wake anapomaliza kisa.