Gunia la Nguo Nyeusi

Siku ya kufungua marobota ya mitumba, katika soko la Kantamanto hakuna anayempisha mwenzake. Naa Dedei alikuwa ameinamia nguo zake za msibani, nyeusi tupu, wakati mwanamume mwenye shati la rangi ya ndizi mbivu alipomkanyagia sketi moja.

"Samahani, dada."

"Samahani itaifua?"

Akacheka. Aliitwa Asiamah, mnunuzi wa kiwanda kimoja cha mji wa Tema kinachosokota nguo kuukuu za pamba kuwa uzi mpya. Mkononi alikuwa na kidude kinene kama simu ya zamani. Akikigusisha kwenye nguo, kinamulika mwanga usioonekana, kisha kinamwambia kama ni pamba au poliesta. Kwa nguo za Dedei kikanyamaza, maana rangi nyeusi huumeza mwanga wote.

"Mashine yako inaniogopa," Dedei alimtania.

"Hata mimi nakuogopa. Haya, sema wewe. Ni pamba?"

Akina mama wa soko wangechomoa uzi, wakauchoma na kuunusa kama unatoa harufu ya plastiki. Lakini kumchomea muuzaji uzi mbele ya wenzake ni kumwita mwongo, na Asiamah alikwisha kuvutiwa naye. Hakuchoma.

"Pamba tupu," alisema Dedei. Nusu ya gunia haikuwa pamba, naye alijua.

Asiamah akalinunua gunia, likawekwa stoo ya kiwanda kungoja nguo nyeusi nyingine zitimie. Kwa miezi mitatu wakapendana sana, na kila simu ilimtia Dedei hofu kabla ya raha.

"Kipenzi, umekula?"

"Lile gunia mmelifungua?"

"Wewe! Mimi nakuuliza chakula, unaniuliza gunia?"

Jumatatu moja simu ya Asiamah haikupokelewa. Dedei alipiga mara kumi na moja, mwishowe akapokea mwenzake Asiamah wa kazini.

"Poliesta imeyeyuka kwenye mashine ikashika moto. Asiamah yuko hospitali, ameungua mkono."

 Dedei hakulala siku mbili.

Jumatano asubuhi Asiamah akatokea sokoni, mkono umefungwa bendeji hadi kiwikoni.

"Kosa langu," alisema. "Niliandika pamba bila kuchoma uzi. Bosi amenisamehe. Dedei, Jumamosi wajomba zangu wanataka kuja kwenu kubisha hodi, waniposee. Waje?"

Angeweza kusema ndiyo, akanyamaza na lake maisha yake yote. Aliiweka chini nguo aliyokuwa ameishika.

"Nilijua si pamba. Nilikudanganya, Asiamah."

Asiamah aliitazama bendeji, akamtazama yeye.

"Wajomba watakuja," alisema hatimaye. "Lakini mimi nimekasirika. Usinipigie mpaka Ijumaa."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Dedei akakaa juu ya robota, simu ameishika kwa mikono miwili, akiogopa kwamba hiyo Ijumaa haitafika. Adhuhuri hiyohiyo simu ikalia.

"Sijakusamehe," ilisema sauti ya Asiamah. "Ila nimenunua ugali wa kenke, na mkono mmoja hauwezi kuubambua maganda ya mahindi uliofungwa nayo. Njoo unifungulie."