Baba wa Ng'ambo

Jumamosi, tarehe kumi na moja Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na kila aliyekimbia kulowa alijibanza ndani ya duka la vifaa vya ujenzi. Fundi cherehani, ndani ya gauni la samawati aliloshona mwenyewe, alikuwa amefuata vishikizo vya pazia. Mbele yake kijana mrefu, shati limenyooshwa vizuri, alikuwa akiulizia king'ora cha moshi na skrubu za reli ya ngazi.

"Kaka, unajenga ghorofa?"

"Hapana, dada. Nimepanga chumba kimoja."

"Chumba kimoja chenye ngazi?"

Kijana akacheka, asijibu. Cheko lile lilimteka Fundi. Lile jibu lililokosekana likamkaa rohoni.

Kijana alikuwa nesi, aliyerudi kutoka kazi ya ng'ambo. Kufikia Agosti walikuwa wachumba.

"Umeniwaza, Nesi?" Fundi aliuliza kwenye simu.

"Mpaka nikampima mgonjwa mmoja presha mara mbili."

"Basi usiniwaze kazini, mpenzi. Utaua watu."

Lakini kila ilipoita namba ya nje, Nesi alitoka na kufunga mlango nyuma yake. Siku moja dirisha lilikuwa wazi, na Fundi akasikia: "Usihofu, mama. Wewe na mtoto mkipatwa na lolote, mimi ndiye nitakayewajibika."

Jioni ile kitambaa cheupe cha harusi kilikuwa mezani, mkasi juu yake. Fundi hakukikata. Alipiga magoti. "Ee Mungu, kama ana familia huko, nionyeshe mapema."

Jumapili Nesi alikuja kwa shangazi aliyemlea Fundi. Chai haijapoa, simu ikaita. Nesi akainuka.

"Kaa," Fundi alisema. "Pokea hapa hapa. Weka spika."

Akaweka. Sauti ya mwanamke ikasema, "Baba, mtoto ameanguka kwenye ngazi. Reli imeng'oka."

Shangazi akatua kikombe. "Baba?"

"Ameumia?" Nesi aliuliza.

"Mkono umevimba. Daktari amesema haujavunjika."

Fundi akaichukua simu. "Dada, huyo mtoto anafanana na nani?"

"Na baba yake, huyu hapa anaosha vyombo. Kwani nani mwenzangu?"

Sauti ya mwanamume ikadakia kwa mbali: "Mwambie baba mwenye nyumba, reli hii nilimlalamikia tangu mwaka jana!"

Baba mwenye nyumba. Fundi akakaa chini taratibu.

Nesi akaeleza huku ameinamisha kichwa. Alikuwa amenunua nyumba kule na kuipangisha kwa familia ya watu wa huku kwetu. Dalali alimwambia asihangaike, mkataba unasema mpangaji anatumia ngazi kwa hatari yake mwenyewe. Baadaye alijifunza kwamba sheria ya kule humwajibisha mwenye nyumba hata akiwa mbali, na watu wa bima walikataa kumkubali mpaka reli itengenezwe. Alivituma vile vifaa vya dukani, akaagiza mafundi wa kule wavifunge, hawakutokea, naye hakuwafuatilia.

"Sikutaka uolewe na kesi," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu ile reli ising'oke."

"Mungu ulimwachia reli," shangazi alisema. "Wewe ulishika nini?"

Fundi akairudisha simu mezani, bado haijakatwa.

"Kuna nyumba nyingine?" Fundi aliuliza.

"Hakuna."

"Mtoto mwingine?"

"Hata huyu si wangu."

Shangazi akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. Fundi hakucheka. "Kitambaa sijakikata, Nesi. Sema utakachofanya, mbele ya shangazi, na mbele ya huyo mama kwenye simu."

Nesi akasimama. "Mama, matibabu ya mtoto ni juu yangu. Kesho fundi wa ngazi atafika, nami nitakaa kwenye simu nikimwangalia mpaka skrubu ya mwisho ikazwe." Akamgeukia mchumba wake. "Na wewe, Fundi wangu, shangazi akiwa shahidi: simu yoyote ikiita, kuanzia leo, sifungi mlango."