Kamba ya Mafundo Ishirini

Mimi, Laurence, mwanafunzi wa bweni, wa kwanza darasani kwa hesabu na wa tatu kwa tabia njema, natangaza mbele ya watu wote wa Gisenyi kwamba katika likizo ya mwaka 1956 nilikuja kuufundisha mji huu namna ya kununua kitambaa.

Watu wote wa Gisenyi, asubuhi nilipotoa tangazo hilo, walikuwa kuku wawili na mdogo wangu Uwimana, mwenye umri wa miaka sita. Na kwa tabia njema nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mama alisikia yote akiwa barazani. Alisema bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani yake, "Ukimaliza kuwahutubia kuku, niletee pini."

Nilimletea pini. Ndivyo zilivyoanza siku zetu zote za likizo: mimi nimetoka kuchota maji, Uwimana anaokota vipande vya nyuzi, na Mama anazungusha mkono wa cherehani huku akiimba chini kwa chini. Jina lake ni Donatha, na kutoka sokoni hadi ufukweni ungepata shida kumwona mtu ambaye hajawahi kuvaa kitu alichoshona yeye.

Mwezi ule alikuwa na kazi kubwa. Katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, wasichana wadogo wanane wangetangulia maandamano wakitupa maua. Mama aliombwa awashonee wote gauni nyeupe za namna moja. Uwimana alikuwa wa nane na wa mwisho kuchaguliwa. Tangu alipoambiwa, alikuwa akitembea uani polepole kama sista mzee, akitupa majani ya maharage kushoto na kulia.

Kabla ya kushona ilibidi kuamua tununue kiasi gani cha amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Hapo ndipo elimu yangu ilipogongana na kamba ya Mama.

Mama hakuandika vipimo. Alichukua kamba nyembamba ya nyuzi za mgomba, akailowesha, akafunga fundo moja kwa kila mita aliyotaka. Kamba ikikauka, mafundo yalikaza kama kokwa. Kamba hiyo ilipelekwa kwa Mzee Faradji, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, naye alihesabu mafundo na kupima. Yeye alitoa kitambaa, na Mama alimshonea kanzu zake na za wanawe. Walikuwa wakifanya hivyo kwa miaka tisa bila kupandishiana sauti.

"Mita ishirini," alisema Mama, akikaza fundo la mwisho.

Nilisimama wima kama sista wetu wa hesabu. "Mama, naomba kueleza jambo. Gauni ya mtoto wa umri huu, mbele na nyuma, ni mita moja na nusu. Mikono na kola, nusu mita. Jumla mita mbili. Mara nane ni kumi na sita."

"Mimi nasema mbili na nusu kwa kila mtoto."

"Hiyo nusu inakwenda wapi?"

"Iko na kazi yake. Utaiona tukianza kukata. Nenda dukani kabla ya adhuhuri, mzee asije akafunga kwenda kusali."

Jibu hilo halikuniridhisha. Mtu aliye wa kwanza kwa hesabu haambiwi "utaiona".

Njiani nilikutana na rafiki yangu Mukagasana, ambaye mdogo wake alikuwa mmoja wa wale wasichana wanane. Tuliketi kidogo juu ya mawe meusi kando ya ziwa, nami nikaitoa kamba na kuanza kufungua fundo la mwisho. Lilikataa kidole, likakataa pini ya nywele. Nililitia menoni.

"Yewe," alisema Mukagasana. "Masista wanawalisha kamba huko bweni?"

"Namwokoa Mama asipoteze kitambaa. Kumi na sita zinatosha. Namwachia na moja zaidi kwa heshima ya umri wake. Kumi na saba."

"Na akijua?"

"Atajua gauni zote nane zikiwa zimepigwa pasi. Nitasimama mbele yake niseme, Mama, hizi ni mita kumi na saba tu. Atacheka, na kuanzia siku hiyo nitakuwa mshauri wake."

"Au atakukata na wewe, mbele na nyuma, mita moja na nusu," alisema Mukagasana. "Endelea kutafuna. Unafanana na mbuzi wa shangazi yangu kule Kanzenze."

Nilifungua mafundo matatu. Nilipanga kuyafunga tena wakati wa kurudi, ili Mama asigundue kabla ya saa ya ushindi wangu. Mpango ulikuwa mzuri sana, ila nilikuwa nimekaa bweni miaka miwili na sikujua desturi za duka lile. Mzee Faradji alihesabu mafundo mara mbili, akapima mita kumi na saba, akakunja kitambaa vizuri. Kisha akaitundika kamba kwenye msumari nyuma yake.

"Mzee, nipe kamba niirudishe nyumbani," nilisema kwa sauti ya mtoto mwema.

"Kamba ya mama yako haitoki hapa mpaka kanzu zangu zimekwisha, mwanangu. Wengine wanaandika mkataba. Mi niko na msumari."

Nilirudi bila kamba, nikajiambia kwamba haidhuru. Mama hakupima kitambaa. Kitambaa cha Mzee Faradji, alikuwa akisema, hakipimwi mara mbili. Alikitumbukiza chote katika karai la maji, akakiacha humo hadi kesho yake, kisha tukakianika juani.

Amerikani mpya huwa imejaa wanga. Ikilowa na kukauka hunywea, yaani hupungua. Shuleni, katika somo la ushonaji, sista alitupatia vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimefuliwa, kwa hiyo jambo hilo halikuwamo katika hesabu yangu. Tulipokianua, nilikishika pembe mbili na Mama pembe mbili, na nikaona kwa macho yangu kwamba kile kitambaa kilikuwa kimekwenda mahali bila kuaga.

Mama alianza kukata. Chini ya kila gauni aliacha upindo wa vidole vinne, wa kukunjwa kwa ndani. "Mwaka ujao watoto hawa watakuwa warefu," alisema. "Mama zao watafumua upindo huu na kuushusha, na gauni itavaliwa tena." Upindo nao haukuwamo katika hesabu yangu.

Alikata gauni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipomaliza ya saba, mkekani kilibaki kipande kidogo cha kutosha kola tu. Alikigeuza upande huu na upande ule. Uwimana alikuwa ameketi pembeni, mikono magotini, akingoja zamu yake.

"Yangu iko wapi, Mama?"

Mama aliweka mkasi chini. "Kitambaa kimepungua, mwanangu."

Uwimana alifikiri. "Basi nitavaa ile ya kahawia," alisema. "Nitatembea nyuma kabisa, nyuma ya watu wenye baiskeli." Wala hakulia. Ningependa angelia, maana ningeweza kumkemea.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Na nilipoufunga, Mama alisema jambo ambalo sikulitegemea.

"Miaka tisa," alisema, akijifunga kitenge kiunoni. "Miaka tisa sijawahi kupima kitambaa chake. Amejua kwamba sipimi. Laurence, beba mabaki haya, tunakwenda."

Dukani kulikuwa na wateja watatu. Mama aliweka mabaki juu ya meza mbele yao wote.

"Mzee Faradji, niliomba ishirini. Mtoto wangu hana nguo."

Mzee alimtazama kwa mshangao. Aliishusha kamba kutoka kwenye msumari, akahesabu kwa sauti, fundo kwa fundo. "Iko kumi na saba, Donatha. Nilipima kumi na saba."

"Nilifunga ishirini kwa mikono hii. Kamba imelala kwako, si kwangu."

Mteja mmoja aliacha kuchagua vifungo. Mwingine alirudisha kanga aliyokuwa ameishika na kusogea karibu na mlango. Niliona uso wa Mzee Faradji ukibadilika. Hakukasirika. Alizeeka tu ghafla.

"Mi na we tumedhulumiana lini?" aliuliza polepole.

"Sikujua mpaka leo," alisema Mama. "Nitamaliza kanzu zako. Baada ya hapo nitachukua kitambaa kule soko la Mahoko."

Mzee aliipeleka kamba mlangoni kwenye mwanga, akaipitisha kati ya vidole. Karibu na mwisho wa kamba vidole vilisimama. Alionyesha mahali patatu ambapo kamba ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, pamoja na nyuzi zilizochambuka.

"Hapa palikuwa na mafundo," alisema.

"Panya," nilisema mimi.

Duka lote lilinigeukia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Panya wa hapa wanakula kamba," alisema Mzee Faradji. "Kufungua fundo hawajafundishwa. Labda wamesoma bweni."

Mama aliitwaa kamba, akazitazama zile nyuzi, kisha akanitazama meno. Nimewahi kufanya mitihani migumu, lakini sijawahi kuogopa hivyo.

"Ni mimi," nilisema. "Nilifungua mafundo matatu kule ziwani. Mzee hakupunja kitu. Nilitaka kuonyesha kwamba hesabu yangu ni bora kuliko yako, halafu nilipoona kitambaa hakitoshi nikanyamaza."

"Sema tena," alisema Mama. "Mteja huyu wa mlangoni hakusikia."

Nilisema tena, kwa sauti kubwa, mpaka yule mwenye kanga akarudi na kuishika kanga yake. Mama alimwomba Mzee msamaha mbele yao wote. Mimi niliomba baada yake.

"Kitambaa kikipungua tunaongeza," aliniambia Mzee Faradji. "Jina langu lingepungua, ungekuja kuninunulia mita ngapi?"

Hesabu hiyo sikuiweza. Tena hata kitambaa chenyewe hakikuwepo cha kuongeza. Robota la amerikani lilikuwa limekwisha, na lori lingeleta jingine baada ya sikukuu.

Tulirudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku langu la bweni, nikatoa moja ya shuka zangu mbili nyeupe. Mama alizishona mwaka uliotangulia kwa amerikani ya duka lilelile, na zilikuwa zimefuliwa mara nyingi kiasi kwamba hazikuwa na mahali pengine pa kunywea.

"Masista wanataka shuka mbili," alisema Mama.

"Nitawaeleza. Siku ya kufua nitalala juu ya godoro."

Mama aliitandaza shuka mkekani. Hakukata. Alinipa mkasi mimi, akanielekeza niache vidole vinne vya upindo.

"Hesabu yako haikuwa na kosa," alisema nikiwa nakata. "Ila mtoto wa hesabu yako hafuliwi nguo wala hakui. Wa kwangu wanafuliwa na wanakua, ndiyo maana naongeza nusu. Hilo si dhambi, ni kutojua, na ungeniuliza mara ya pili ningekueleza. Lakini kunyamaza wakati mtu mwingine anabeba kosa lako, hilo ulilijua tangu mwanzo. Ukikosea kukata, sema mapema, kitambaa kingali mkekani."

Nilishona upindo mzima kwa mkono, nikajichoma mara sita, na sikutoa hotuba yoyote.

Siku ya sikukuu wasichana wanane walitangulia maandamano, weupe kama mayai. Uwimana alitupa maua yake yote kabla ya kufika kanisani, akabaki kutupa mkono mtupu kwa heshima ileile. Mzee Faradji alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake akiwa amevaa kanzu mpya. Alimpungia Mama mkono, na Mama akampungia.

Baada ya misa mama yake Mukagasana alitujia, akapapasa gauni ya Uwimana. "Donatha, zimelingana zote nane, tena zina pindo za kushusha. Nani alikupigia hesabu ya kitambaa safari hii?"

"Mimi," nilisema, kifua mbele, "niliyekuwa wa kwanza darasani, nilikaa nikatafakari kwa kina."

Nyuma ya mama yake, Mukagasana alianza kusaga meno polepole kama mbuzi. Mama alikunja mikono yake, akangoja.

"Nikafungua mafundo matatu kwa meno," nilisema, "nikamharibia Mama kitambaa, nikamwacha Mzee Faradji asingiziwe. Hesabu ilikuwa ya Mama."