Nilipaka Treni ya Baba Rangi Nyekundu, Askari Wakinitazama!

Nina miaka arobaini na minane, ni mama wa watoto wanne, na naishi hapa Kindu katika nyumba ileile niliyozaliwa, karibu na reli. Wasomaji wenzangu, mkinikuta sokoni mtasema huyu mama ana mdomo! Ni kweli, ninao. Nagombana na wauza samaki, nagombana na mashemeji, hata na mbuzi wa jirani. Lakini kuna neno moja ambalo mdomo huu uliliogopa tangu wakati wa vita mpaka juzijuzi... Leo nawaletea neno hilo.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa rangi katika karakana ya reli. Maisha yake yote alipaka mabehewa. Vita vilipokuja njia ikafungwa, treni zikakoma, na mshahara ukawa hadithi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, nina binti mchanga, Sakina, na kwa shida za wakati ule mimi na mume wangu tulihamia kwa baba.

Mzee asiye na kazi atafanya nini? Baba alianza kutengeneza treni ndogo! Vichwa vya treni na mabehewa yake, vyote kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Halafu akachukua mlango wa zamani, akaulaza juu ya matofali katika chumba cha nyuma, akajenga juu yake Kindu yetu ya reli: kituo, karakana, bandari na kreni yake, hata ukingo wa mto Lualaba. Michikichi ilikuwa vijiti vya ufagio. Majani ya chini yalikuwa unga wa mbao uliochovywa katika maji ya sombe, yale majani ya muhogo tunayotwanga.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzeesha. Kwanza alipaka kichwa cha treni rangi safi, kama kilivyotoka kiwandani. Kisha akaanza kukichafua! Masizi ya chungu pale moshi unapotokea. Kutu aliyoikwangua kwenye misumari ya zamani, akainyunyiza juu ya vanishi ingali mbichi ili ishike. Vumbi jekundu karibu na magurudumu. Alipangusa kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini tu, kwa sababu, alisema, mvua haipandi. Mwisho alipaka vanishi tena, na ili ising’ae aliichanganya na poda ya mtoto wangu. Nilipiga kelele kila siku juu ya poda ile.

“Papa, munachafua kitu muzuri juu ya nini?”

“Mama, treni safi njo treni haijatembea,” alinijibu, huku anacheka. Njo yetu ya Kindu ni ndiyo.

Kulikuwa na siri moja ndogo, ya kuchekesha tu. Paa la ile karakana ya mikebe lilikuwa linainuka. Ukiliinua, ndani unamkuta fundi mdogo ameketi na makopo yake ya rangi... baba mwenyewe! Majirani walikuja kutazama treni, lakini fundi yule hakuwaonyesha. Aliwaambia karakana imefungwa mpaka vita viishe. Tulioijua siri tulikuwa baba, mimi na mume wangu.

Balaa ilikuwa hii: baba hakujua kudanganya kwa brashi. Askari walioshika mji walipanga mifuko ya mchanga pale penye kreni. Na baba naye akashona mifuko midogo ya kitambaa, akaijaza mchanga, akaipanga penye kreni yake! Ukuta wa karakana ulipotobolewa na bomu, alitoboa na wa kwake, akauzungushia masizi. Nilipoiona mifuko ile nilifunga dirisha kwanza.

“Papa, mutoe ile mifuko! Wakiiona watatuua!”

“Kule bandarini iko ao haiko?”

“Iko.”

“Basi, hapa pia itabakia.”

Mume wangu alikuwa akivusha chumvi na sabuni kwa mtumbwi kwenda ng’ambo. Jina lake sitaliandika. Siku moja askari walimkamata bandarini, wakasema anapeleka habari kwa watu wa msituni. Ndugu zangu, mnaijua hofu? Waliokamatwa siku zile walirudi wamevimba, au hawakurudi kabisa. Nilikaa nyuma ya uzio na mtoto kifuani, kila kiatu kilichopita njiani nikidhani kinakuja kuniambia mimi ni mjane.

Alirudi! Tena alirudi mzima, hata kifungo cha shati hakikukatika. Nilisujudu nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi! Sikujiuliza kwa nini hakula, wala kwa nini alimpita baba ukumbini bila kumsalimu.

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa alasiri, natwanga sombe, askari wakaingia uani. Hawakuuliza mwenye nyumba ni nani. Walikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, wakamtoa baba kwenye kiti chake, wakampigisha magoti. Mume wangu hakuwapo. Komanda wao aliinama juu ya ule mlango. Treni hakuitazama, kreni hakuitazama... Mkono wake ulikwenda juu ya karakana, akaliinua paa.

Nani alimwambia kwamba paa lile linainuka? Baba alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Mimi sikusema. Tuliojua tulikuwa watatu... Hapo hapo nililijua jina. Lakini ningefanya nini na jina lile, bunduki zikiwa shingoni mwa baba?

Komanda aligusa mifuko ya mchanga kwa kidole. “Hii njo plan ya bandari,” alisema. “Muzee, unamupelekea nani?”

Baba alijaribu kusema, akapigwa kofi. Nikajikuta ninapiga kelele.

“Shefu, hii ni michezo ya watoto! Alimutengenezea mutoto yangu!”

Alinigeukia polepole. Sauti yake haikuwa kali, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

“Mutoto yangu iko na gari ya mchezo. Inangaa. Hii haingai. Nani anachafua mchezo ya mutoto?”

Wasomaji, ningejibu nini? Ningemweleza habari ya mvua isiyopanda? Mdomo wangu huu uliozoea kugombana ulinisaidia siku hiyo. Nikamwambia haijakwisha. Nikasema ile rangi chafu ni ya chini tu, rangi yenyewe bado.

Komanda akavuta kiti cha baba, akakaa. “Basi, maliza.”

Nilifunga mtoto mgongoni. Nikafungua makopo ya rangi ya mabehewa yaliyobaki, nyekundu na manjano. Nikaanza na kichwa kikubwa cha treni, kile baba alichokifanyia kazi msimu mzima wa mvua. Nyekundu juu ya masizi... nyekundu juu ya kutu... Kila nilipopitisha brashi nilisikia baba anavuta pumzi. Sikuthubutu kumtazama. Nilipaka kituo manjano. Lile tundu la bomu nililichorea dirisha. Komanda aliponyoosha kidole kwenye mifuko ya mchanga, nilisema ni magunia ya unga wa muhogo, nikaipaka nyeupe.

“Haingai,” alisema.

Ndipo baba akasema, akiwa bado amepiga magoti. Alisema kwa upole, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo.

“Tia vanishi, mama. Usichanganye na poda. Itangaa.”

Niliitia. Iling’aa. Askari wakacheka, mmoja akaisukuma treni kwa kidole na kupiga honi kwa mdomo. Komanda alikichukua kile kichwa kikubwa kwa ajili ya mtoto wake, rangi ikiwa mbichi, kikamwachia wekundu viganjani. Wakaondoka. Baba alikuwa hai! Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata.

Lakini baba hakugusa brashi tena. Kesho yake aliuvunja ule mlango mwenyewe, vipande tukapikia. Mume wangu alirudi akasikia habari, akashika kichwa, akasema pole, pole sana... Baba alimtazama tu.

Siku chache baadaye baba alifunga mzigo mdogo, akasema anakwenda Tunda kwa dada yake. Nyumba ilikuwa yake, lakini aliyeondoka ni yeye! Nilimsindikiza mpaka mwisho wa mtaa. Nikamwambia najua ni nani.

“Hata mimi ninajua,” alisema. “Usimuulize, mama. Vita ingaliko. Ukimuuliza atakuogopa, na muntu mwenye kukuogopa anaweza kukuuza na wewe. Kaa kimya, ulee mutoto.”

Alifariki kule Tunda kabla njia hazijafunguliwa. Habari ilitufikia matanga yamekwisha. Sikumwosha, sikumlilia mbele ya kaburi.

Nami nilikaa kimya. Loo, kimya gani kile! Nilipika, nilizaa, nilicheka na wageni, na kila jioni nilifikiria nimesema nini mchana. Kama nilinung’unikia bei ya chumvi, nilijuta. Kama niliwatukana askari njaa ikinibana, nilikosa usingizi. Mwanaume akikohoa mlangoni nilikuwa nashtuka, naye ni mume wangu! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema utalalaje na nguo hiyo.

Vita vikaisha. Nilidhani hofu nayo itaondoka na askari. Haikuondoka, iligeuka tu. Sasa mume wangu ndiye aliyekuwa ananitazama mdomo. Nikizungumza na majirani, anatokea. Nikienda kusalimia wagonjwa, ananifuata. Aliniletea vitambaa vizuri bila sikukuu. Nilianza na mimi kutengeneza treni ndogo, kwa kuwa mikono ilikumbuka, na zile zilizozeeshwa vizuri wageni walizipenda. Kila nilipokwangua kutu alikuja kukaa karibu, anatazama mikono yangu. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na watoto wakisema wazazi wetu hawagombani kamwe!

Mwaka huu Sakina alijifungua mtoto wa kiume. Tulifanya akika uani kwetu. Watu walikula, wakaanza kumkumbuka baba yangu, na mmoja akauliza kwa nini mzee alihama mji wake. Mume wangu akajibu mbele ya wote.

“Njo marehemu Shabani alimuuza kwa askari. Kila muntu anajua.”

Shabani! Jirani yetu mwashi, aliyetujengea choo bila kulipwa! Mjane wake, Mama Zaina, ndiye aliyenipokelea watoto wangu. Na mtoto wake wa mwisho alikuwa pale pale amebeba sinia la chai. Kijana aliliweka sinia chini taratibu, akatoka.

Wageni walipoondoka nilimwita mume wangu chumbani. Nikamwambia, “Shabani hakujua paa inainuka.”

Alikaa kitandani. Nilingoja akane. Nilitaka akane, Mungu anajua, ili nimchukie vizuri.

“Walitaka muntu moja,” alisema. “Moja tu, ya ndani ya nyumba. Ningetaja nani, Mwayuma? Wewe?”

Je, niliishi kwa sababu baba aliuzwa? Swali hilo ndilo alilonipa mume wangu, baada ya miaka yote ile ya vitambaa vizuri. Nilimwambia twende kwa Mama Zaina, aseme mwenyewe. Alinishika nguo, akalia, akasema watoto wa Shabani watamuua. Nami niliogopa hivyo hivyo. Ni baba wa watoto wangu! Lakini nilikwenda, peke yangu.

Mama Zaina alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Akasema, “Miaka yote munakula kwangu, munajua hii neno?” Nikasema ndiyo, nilijua. Kisha akawaita watoto wake, akawakataza kubeba hata fimbo. Walikuja uani kwetu, wakasimama, wakamtaka mume wangu aseme kwa mdomo wake kwamba aliyemuuza mzee si baba yao. Alisema. Ilibidi arudie, maana sauti haikutoka. Wakaenda zao. Tangu siku hiyo hawajatusalimu, na siwalaumu.

Sakina naye ameijua habari. Hamletei tena babu mjukuu wake.

Mume wangu amekuja sasa hivi mlangoni, ameona ninaandika. Ameuliza kama nimetia jina lake. Nimemwambia hapana, kwa kuwa watoto wangu wanalibeba. Akasema aksanti... Miaka hii yote, sijawahi kusikia aksanti iliyonitia huzuni namna ile.

Ndugu wasomaji, baba alinishauri vema. Wakati wa bunduki, ninyi mnaokaa na mtu wa kumwogopa, nyamazeni mkaishi. Lakini vita vikiisha kwenu, tafadhali, nawaomba kwa machozi, msiendelee kukitii kimya cha vita! Mimi niliendelea, nikadhani nawalinda watoto. Mtu mwema aliyekwisha kulala kaburini akaitwa msaliti mbele ya mwanawe, uani kwangu, wageni wakila chakula changu. Kama una neno la namna hiyo, liseme ungali na nguvu, kabla halijamwangukia asiyehusika.